Mwaka Msitu Haukuchomwa

Mashine za mradi wa karanga zilipomaliza kung'oa pori la Nachingwea, kipande cha msitu kilichobaki upande wa Lionja kiliwekewa mipaka, kikaitwa hifadhi. Baba akapewa kofia na kazi ya kukilinda. Ndani yake kulikuwa na makaburi ya ukoo wetu, na la mama lilikuwa jipya kuliko yote. Upande wa kichwa baba alikuwa amepanda mkwaju, uwe alama.

Kila mwaka baada ya masika, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, ukoo mzima uliingia kuwasha moto mdogo kuzunguka makaburi. Wanawake waliufuata na matawi mabichi, wakiupiga kila ulipotaka kukimbia. Ulikuwa moto mvivu, unatambaa tu, unakula nyasi na kuiacha miti. Moto mkali wa kiangazi ulipokuja baadaye, haukukuta chakula.

Mwaka ule ikaja amri: ndani ya hifadhi pasiingie moto wala jembe. Mkaguzi angepita kupima kama msitu unatunzwa.

"Kwa hiyo wifi yangu mwaka huu atalala nyasini?" shangazi alimwuliza baba.

"Ni amri, dada."

"Hiyo kofia imekuziba masikio. Ivue kidogo, usikie."

Baba alicheka, lakini hakuivua. Aliogopa kwamba akifukuzwa, mlinzi mgeni angetukataza hata kwenda kumzuru mama.

Mkaguzi alikuja mikorosho ikitoa maua. Hakuingia ndani. Alisimama kando ya gari lake, akazitazama nyasi zilizotupita kimo, zimeshaanza kukauka. Alitafuta majivu, hakuona. Alitafuta njia za miguu, hakuona.

"Safi sana," alisema. "Hapa hajaingia mtu."

"Nyasi hizi, bwana, zikishakauka zote..." baba alianza.

"Ndiyo hifadhi yenyewe hiyo, mzee. Umefanya kazi." Akampa mkono, akapanda gari.

 Wakati wa kurudi nyumbani nilimwona baba akiugeuzageuza mkono ule, kama mtu aliyeshika kitu asichojua pa kukiweka.

Moto ulitoka kwenye mashamba yaliyokuwa yakisafishwa, mchana, pamoja na upepo. Tulisikia mvumo tukatoka nje mbio kuanua mihogo, tukidhani mvua imewahi. Baba alipoona moshi alivunja tawi la mwembe, akakimbilia msituni nalo. Shangazi alimkamata shati kwa nyuma.

"Wale wameshakufa!" alimpigia kelele. "Wewe bado!"

Shati lilichanika, lakini hakumwachia.

Majivu yalipopoa tuliingia, baba na mimi. Ardhi yote ilikuwa nyeusi, sawasawa, matuta ya makaburi, yaliyoshushwa na mvua za masika, yamepotea chini ya majivu. Palipokuwa na miti michanga palibaki vijiti vilivyoungua, vingi mno, vyote vimefanana. Baba aliinama kwa kila kimoja, akakigusa, akakinusa, akiutafuta ule mkwaju.

"Ni huu, mama?" aliniuliza. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Nilitamani kusema ndiyo. Sikujua.

Alichagua kimoja, akapiga magoti, akasoma Fatiha. Kisha akainuka, akaenda kwenye kingine, akaisoma tena. Jua lilipofika utosini alikuwa bado anahama, kijiti hadi kijiti, magoti yake yamejaa majivu.