Kinu Kilicholia Siku ya Msiba

Siku moja naikumbuka, mwanangu, mpaka leo viganja huniwaka nikiitaja. Wazee wenzangu huanza maneno yao kwa upole. Mie sitaanza kwa upole, maana hasira ya siku ile sijaimaliza, na kwa umri huu sidhani kama nitaimaliza. Kaa hapa nikwambie, uipokee na moto wake.

Zilikuwa siku za vita vya Maji Maji. Nilikuwa mwali, nimeolewa na Salumu, hata mpunga wa kwanza wa ndoa yetu haujavunwa. Kijiji chetu hakikuwa mbali na Mtawanya, na waya wa simu wa Mjerumani ulikatiza hapo ukielekea kusini. Chini ya waya palikuwa na kambi ya askari, na kambini palikuwa na kibanda cha simu. Humo alikaa karani na chombo chake kinachogonga, ta-ta-ta, kutwa nzima. Mkubwa wao akisema neno huko aliko, chombo hugonga, karani huandika, askari huondoka.

Vijana wetu walitaka kuukata waya ule. Mzee Mbonde, mkubwa wa kijiji, akawakataza. "Mkiukata utanyamaza," aliwaambia. "Uacheni useme, nasi tusikilize." Namlaumu kwa mengine, lakini hapo alisema kweli.

Wa kusikiliza tukawa sisi wanawake. Tulilazimishwa kuwatwangia askari chakula chao, uani mwa kambi, nyuma ya kibanda kile. Lugha ya chombo hatukuijua hata neno moja. Lakini mke wa mume mkali hujua siku yake itakuwaje kwa namna mlango unavyofungwa, nasi tulikijua chombo kwa njia hiyo. Kikigonga kidogo kikanyamaza, hizo ni salamu zao. Kikigonga mpaka kikachosha masikio, Mjerumani mwenyewe akaingia akasimama mgongoni mwa karani, basi askari wanatoka kwenda kuua watu.

Waume zetu walikuwa bondeni. Walijificha kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti tunavyolindia mpunga. Salumu alikuwa huko na mdogo wake, Saidi. Tukapatana tuwape habari kwa vinu vya nyumbani, kwa kuwa mwanamke akitwanga hakuna askari anayeshtuka. Kwetu hutwanga wawili au watatu katika kinu kimoja, michi ikipokezana. Sauti hiyo ikifika bondeni, maana yake kumetulia. Mchi mmoja ukilia peke yake, haraka haraka, ukanyamaza, kisha ukalia tena, maana yake ondokeni upesi. Na kweli, zaidi ya mara moja askari walifika bondeni wakakuta majivu tu, wakarudi wakitukana.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Jioni tuliyopatana hayo, wanaume walikuwa wamerudi kisirisiri kuchukua chakula, na sote tumekaa nyumbani kwa Mzee Mbonde. Nikauliza swali. Unajua kwetu mtu akifa, kinu hakilii mtaa mzima mpaka matanga yaondolewe. Kutwanga na maiti ndani ni kumtukana marehemu na ukoo wake.

"Babu," nikasema, "na askari wakitoka siku ya msiba, tutafanyaje?"

Mzee Mbonde akanitazama kama niliyetemea mate chakula chake. "Acha uchuro, binti."

"Mie nauliza tu, babu. Tuwe na alama nyingine ya siku hiyo."

"Anayetaja kifo hukiita. Nyamaza."

Wenzake wakacheka. Salumu alikuwa kando yangu, akanifinya mkono ili nisirudie tena. Mambo yakaachwa hivyo, yana tundu ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyetaka kuliziba.

Kifo kikaja bila ya kuitwa na mtu. Bibi mmoja jirani yetu akafariki alfajiri. Mbiu ya msiba ikapigwa, na bondeni wakaisikia. Sisi tulioandikiwa zamu ya kambini hatukuruhusiwa kubaki tukalia na wenzetu. Tulipelekwa kuwatekea askari maji. Nikiwa pale na mtungi, chombo kikaanza kugonga. Kiligonga, kiligonga. Mjerumani akaingia kibandani akifunga vifungo vya koti. Alipotoka, askari wakaanza kugawana risasi, na mmoja akawa anaonyesha kwa kidole njia ya bondeni.

Niliuacha mtungi nikakimbia. Wazee wanaume waliobaki kijijini wamekaa msibani, Mzee Mbonde katikati yao. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia nilichokiona, nikaomba ruhusa ya kutwanga.

"Maiti haijatoka ndani," akasema. "Unataka tuonekane watu wasio na asili?"

"Watoto wenu watakufa, babu."

"Tutamtuma mtu kwa miguu."

Mtu wa miguu atamtangulia vipi askari aliyekwisha kuanza safari? Nikainuka nikaenda nyumbani. Mama mkwe wangu, Bi Pili, alikuwa ameyasikia yote kutoka upande wa wanawake. Mama huyu hakuwa akinipenda sana, sitakudanganya. Lakini alinifuata, akaviringisha kinu mpaka uani, akanitia mchi mkononi. "Twanga, mwali. Aibu nitaibeba mimi."

Hatukuwa na punje ya kutia kinuni, askari walikuwa wameichukua yote. Nikatwanga kinu kitupu, nacho ni mwiko juu ya mwiko. Mchi mmoja, haraka haraka, nikanyamaza, nikatwanga tena. Wanaume wakaja mbio kuninyang'anya. Bi Pili akasimama mlangoni, kanga imemdondoka kichwani, akawaambia atakayepita ampige yeye kwanza. Nilitwanga mpaka ngozi ya viganja ikachubuka.

Wakati huo nilikuwa nafurahi, mwanangu. Nilijua sauti imefika.

Na ilifika. Jioni Saidi akarudi peke yake, matope mpaka kifuani. Alikaa chini mbele yangu na mama yake, akatusimulia. Walikisikia kinu, tena wazi kabisa. Wengine wakashuka madunguni wakaingia matetini. Salumu akakataa. "Hao si wake zetu," alisema. "Mbiu ya msiba tumeisikia sote. Wake zetu hawatwangi na maiti haijazikwa. Hao ni askari, wameijua alama yetu, wanataka tutoke watuone." Saidi akamkumbusha lile swali langu, akamwambia huenda ni mimi.

"Akanijibu," Saidi alisema huku hanitazami, "babu alimkataza, na mke wangu ana adabu. Hawezi kumkaidi mzee."

Akabaki juu ya dungu lake, na askari wakamkuta hapo hapo.

Mzee Mbonde alikuja kutupa pole. Akasema ni kudura ya Mungu. Nikamwambia, "Mungu msimsingizie, babu. Mie nilikuuliza." Akainuka akaenda zake. Baadaye wakaja wazee wawili aliowatuma, wanataka kinu changu wakisafishe, kwa kuwa kimetiwa mkosi. Kaburi la mume wangu bado bichi, wao wanahangaikia kinu! Niliwafukuza kwa mchi ule ule. Kinu ninacho mpaka leo, ndicho hicho umekikalia.

Mmefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli, nami nimewafundisha hivyo. Lakini mkuu asipolisikia la mdogo, guu linalovunjika ni la nani? Waliocheka jioni ile wote walikufa wazee, vitandani mwao.

Basi shika neno langu, mwanangu. Mkikaa kupatana jambo, iwe ni kulinda shamba, kuvuka mto mafuriko yakija, au hata ndoa, lazima atatokea mmoja aulize siku mbaya itakuwaje. Mara nyingi atakuwa mdogo kuliko wote, na swali lake halitapendeza. Msimwambie acha uchuro. Mjibuni kabla hamjainuka pale mlipokaa. Na ukiwa wewe ndiwe muulizaji, wakakunyamazisha, uliza mara ya tatu. Mie niliishia mara ya pili kwa sababu mkono wa mume wangu ulikuwa unanifinya, na nilimpenda.

Tena wafundishe watoto wako adabu, lakini mumeo na ndugu zako wajue kwamba ukiona hatari utaivunja adabu hiyo mchana kweupe, mbele ya maiti na mbele ya wazee. Wajue mapema. Salumu hakulijua hilo kwangu.

Mungu akupe masikio ya kusikia na watu wa kukusikia. Akujalie mume atakayekisikia kinu chako siku yoyote kikilia, akasema, "Huyo ni mke wangu," akashuka.