Lori Lililokataa Kuwaka

Mwanangu, mimi hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Niliingia Nairobi na darasa la sita na viatu vya kuazima, leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Hurlingham na watu wa digrii wananiita bosi. Ila kuna Jumapili moja nilijishangaza mwenyewe.

Wezi wa mifugo walikuwa wamevamia kwetu Ukambani, wakaswaga mbuzi wa kijiji kizima na kumuumiza mzee mmoja. Sisi watu wa nyumbani tulio mjini tukakutana ghorofani, juu ya duka langu. Karibu wote tulitaka vijana waende wakalipize. Lori la kuwapeleka nililikodi mimi, wala sikuombwa.

Ndipo akasimama Mutua, mwenye bucha hapo mtaa wa pili. Ana sauti ya chini, na huwa nachukia watu wanavyonyamaza kuisikiliza. Akasema waliotuvamia ni wahalifu, wakamatwe, lakini tukipeleka vijana tutaletewa maiti. Afadhali wazee wetu na chifu wakakae na wazee wa upande ule. Nikamwona Mwende, mke wangu, akiitikia kwa kichwa. Miaka ishirini ya ndoa, mimi sijawahi kuitikiwa hivyo.

Nikawaka. Nikasema anayepinga vita hivi ni mwenzao wale wezi, na tena tunajua bucha yake hununua mbuzi kwa nani. Watu wakacheka. Mutua hakucheka.

"Bosi, mwizi nimemwita mwizi mbele yenu. Sasa niambie, kwenye hilo lori umempakia nani wa kwako?"

"Kioko," nikasema. "Tena wa kwanza kupanda."

Kioko ni kifungua mimba wangu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, ndevu hazijamtoka vizuri. Akasema tu, "Sawa, baba." Mwende hakunitazama tena siku hiyo.

Ningerudi nyuma vipi, na Mutua yuko pale ananiangalia? Alfajiri ya safari nikamvuta dereva kando tukaelewana, aseme injini imekufa. Vijana walisukuma lile lori mpaka wakalala kando ya barabara. Kabla hatujapata lingine, wazee na chifu walikuwa wameshakaa kikao, mbuzi wengi wakarudi, wezi wawili wakashikwa. Sifa zote zikaenda bucha. Mpaka leo Mutua akiingia kanisani watu wanampisha kiti, na Mwende ndiye wa kwanza kusimama. Inaniuma, sikufichi.

Basi mwanangu, mtu akisema tusiende vitani, usimfanye adui. Anaweza kumlaani mvamizi na bado akataka mtoto wako alale nyumbani. Na ukijisikia unapiga kelele kuliko wote, jiulize: unamchukia aliyevamia, au unamchukia yule anayesikilizwa kukushinda?

Mungu akujalie rafiki wa kukupinga mbele za watu. Na siku ukikosea kama mimi, akujalie dereva anayejua kunyamaza. Wangu alinyamaza kwa shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.