Orodha ya Joyceline

Joyceline Mahona wa Nkoma alirudi Bariadi na shahada ya biashara: masoko fani kuu, menejimenti fani ndogo. Hiyo ndogo aliichagua kwa sababu vipindi vyake viliangukia asubuhi, akabaki na mchana wa kuuza vocha. Miaka miwili alizunguka na bahasha ya vyeti, kazi ya masoko asiione. Mwishowe akapata ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Aliyemwombea ni shangazi yake Philomena, aliyesomba pamba pale kila msimu. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na Joyceline alimwita sengi, kwa Kisukuma.

Msimu wa pili ikaja mashine ya kufyonza pamba, iliyofanya kazi ya wasombaji. Meneja, Bwana Erasmus, akamwita ofisini, akiwa na faili la Joyceline mkononi.

"Kumbe umesoma menejimenti! Basi kuanzia leo wewe ni msimamizi wa vibarua. Keshokutwa nipe majina thelathini ya kupunguzwa."

"Nitumie kigezo gani, bosi?"

"Si wewe ndiye uliyesomea?"

Darasani alifundishwa kwamba kigezo kiwe kimoja kwa wote, asipendelewe mtu. Akachagua umri, wazee watangulie. Sengi akawa wa nne. Mara tatu alilifuta jina lile, mara tatu akalirudisha. Akimwacha nje ya orodha, vibarua wengine watasema nini? Na cheo chake je? Hilo la pili hakumwambia mtu.

Orodha aliibandika getini mwenyewe. Philomena, asiyejua kusoma, akamshika mkono.

"Nisomee, mwanangu."

Akasoma. Jina la nne nalo akalitamka.

"Nani kaandika?"

"Mimi, sengi."

Philomena akafungua kitambaa alichojifunga puani kuzuia vumbi, akakikung'uta, akaondoka.

Krismasi Joyceline alikwenda Nkoma na sukari na kitenge. Alimkuta shangazi shambani akipalilia, mgongo umempinda.

"Mwadila, sengi," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Karibu, mgeni," Philomena akajibu kwa Kiswahili, akamwongoza hadi uani, akamfutia kiti. "Habari za kiwandani, bosi?"

Sukari na kitenge alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru mno, kama anavyoshukuriwa mtu wa serikali. Kisha akaomba radhi, mvua ilikuwa karibu, akarudi kwenye jembe. Joyceline alikaa peke yake uani hadi bodaboda ilipomfuata.