Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, Winifred Gahongayire aliandika sifuri kwenye fomu yake. Kwa miaka sita amepima afya ya kijito kinachopita bondeni chini ya mtaa wa Remera kwa kuhesabu wadudu wanaoishi chini ya mawe. Hawavumilii uchafu; wakiwepo, maji ni mazima. Mwanzoni mwa Mei alihesabu arobaini na mmoja.

Safari hii hapakuwa na mawe.

Siku mbili kabla, Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za kila mwisho wa mwezi, wakazi walisikia kwamba mpimaji anakuja, wakafanya kama wafanyavyo wakitarajia mgeni: walisafisha. Waling'oa matete, wakatoa mawe, wakayapanga kando ya barabara na kuyapaka chokaa.

"Madamu, iko safi, sivyo?" aliuliza Eustache, mkuu wa mtaa.

"Iko safi kama sahani, mzee wangu. Wadudu wangu mmewahamishia wapi?"

Mukeshimana, muuza ndizi wa pale darajani, aliangua kicheko. "Sisi tunafagia, yeye anatafuta wadudu! Njoo kwangu, wa kitandani ni bure!"

Eustache hakucheka. Ripoti ikisema kijito kimekufa, wahandisi watakifungia ndani ya mfereji wa saruji, na bustani za mboga za familia thelathini zitakosa maji.

"Basi andika ile namba ya mwezi jana," alinong'ona.

"Ya mwezi jana ni ya mwezi jana," alijibu Winifred, aliyekulia Karagwe, Tanzania, na hana mazoea ya kuzungusha maneno.

Kisha alipanda hadi darajani, kwenye jiwe moja kubwa lililowashinda wanaume kulinyanyua. Akapitisha mkono chini yake. Wadudu saba.

Sifuri ilibaki, kwa sababu daraja liko nje ya eneo lake la kupimia. Lakini chini ya sifuri hiyo aliandika sababu, akaeleza kuwa mbegu ya wadudu ipo juu kidogo na maji yataishusha, akaomba kupima tena baada ya wiki sita. Ofisi yake ilikubali.

Katika umuganda wa tarehe 28 Juni, wakazi waliyasugua mawe kuondoa chokaa, mbali na maji, wakayarudisha kijitoni moja moja.

"Polepole!" Eustache alifoka. "Mnamtandikia mgonjwa!"

Tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi, Winifred atayageuza mawe hayo na kuhesabu.