Pembetatu Niliyowachorea

Jameni, leo sijui nitarudi darasani na uso gani.

Wanafunzi wangu wa Fomu Foo, kidato cha nne, wamefanya kemia, mtihani wa taifa. Nikawangoja getini, hapa shuleni Mbotela.

Wametoka wakicheka.

"Mwalimu, ile ya molekuli imekuja. Tumefunika tu, vile ulituonyesha."

Kufunika ni ujanja wangu. Nachora pembetatu, unafunika kwa kidole kile unachotafuta, na kilichobaki ndiyo hesabu.

Nikasema poa, hebu nichoreeni.

Odhiambo akachuchumaa, akaichora kwenye vumbi. Moli juu. Molekuli chini, kando ya ile namba ndefu ya molekuli zilizo katika moli moja.

Juu chini kabisa; molekuli ndizo hukaa juu.

Yaani walipewa moli mbili za maji watafute molekuli, wakagawanya badala ya kuzidisha. Jibu lao halifiki hata molekuli moja. Maji gani hayo?

Nikaanza kumfokea. Akatoa daftari, polepole, kwa heshima.

"Si ndiyo hii, Mwalimu?"

Ndiyo hiyo. Wiki jana, kwenye marudio, nikikimbizana na kengele, niliichora mimi. Arobaini wakanakili.

Atieno pekee hakuwepo, alikuwa na malaria. Leo ametoka wa mwisho, analia.

"Mimi nilizidisha, Mwalimu. Wenzangu wote wamegawanya. Nimeanguka, sivyo?"

Wote wakanigeukia.

Niko saiba saa hii, nawaandikia hapa mtandaoni kwa kompyuta ya kulipia. Niambieni ukweli, nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilimwambia aende nyumbani akasome baiolojia ya kesho.