Mbuzi wa Kumuaga Golikipa

Betri ya redio ikianikwa juani hutoa harufu yake. Ni kama chuma kilicholambwa, na kwa mbali kama mkojo wa mbuzi uliokauka kwenye mchanga. Siku hizi hakuna anayeanika betri. Vijana wana simu, na simu ikizima wanakimbilia sola ya jirani. Lakini juzi nilikuwa natafuta sindano ya shanga kwenye mkebe wa zamani, nikakuta betri mbili zimevimba na kutoa unga. Nikazinusa. Ndugu zangu, nikakaa chini palepale.

Harufu hiyo kwangu ni harufu ya woga.

Nilikuwa mtoto wa meno ya kung'oka, tukiishi Kanamkemer, nje kidogo ya Lodwar, wakati hapakuwa na boda boda wala mabati mengi, ni manyatta za makuti ya mkoma na upepo. Baba alikuwa Kerio, kando ya ziwa, akivua samaki, kwa sababu ukame ulikuwa umemaliza mifugo na mwanamume hawezi kukaa nyumbani akihesabu kwato zisizokuwepo. Nyumbani tulibaki Mama, na Babu, baba ya baba yangu, na mimi. Kaka yangu Ewoi alikuwa shuleni Kitale. Mapadre ndio waliompeleka huko kwa sababu ya mikono yake.

Hiyo mikono nikuelezee. Ewoi alikuwa mrefu kama mlingoti, na alipokuwa akichunga mbuzi, wenzake walimrushia makoma, yale matunda magumu kama mawe. Walimrushia kwa nguvu, wakitaka kumtoboa kichwa. Yeye aliyadaka yote. Huku na huku, juu na chini, anacheka. Alipofika Kitale wakamweka golini, na kumbe golini ni makoma yaleyale, tofauti ni kwamba moja tu ndilo linalorushwa na ni kubwa.

Siku moja padre alikuja na pikipiki yake ya kelele, akamsalimu Mama kwa lugha yetu, "Ejok, mama Ewoi. Mtoto wako amechaguliwa timu ya taifa. Ile ya vijana."

Mama akauliza, "Taifa ni wapi?"

"Ni Kenya yote, mama. Wavulana wote wa Kenya, wamechagua wachache, na yeye yumo."

Mama alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka. Babu alikaa kwenye kigoda chake. Akamuuliza padre swali: hao vijana wanaenda kuchezea wapi? Padre, maskini, bila kujua anachofanya, akamweleza yote. Kwamba watacheza Nairobi, na wakishinda watacheza tena, na wakizidi kushinda watavuka bahari kwa ndege. Babu aliuliza bahari ni kubwa kama ziwa letu? Padre akacheka. "Mzee, ziwa lenu likiingia baharini utalitafuta na hutalipata."

Ewoi alipewa ruhusa aje kuaga. Kwetu mtu hafungi safari kubwa mkono mtupu. Anachinjiwa mbuzi, na wazee wanatandaza matumbo juu ya majani na kuyasoma. Mishipa ile midogo ya damu unayoiona wewe na kuitupa, kwao ni njia, ni mito, ni adui aliyejificha nyuma ya kilima. Babu alisifiwa kwa kusoma. Watu walikuwa wakitoka mbali kumletea mbuzi wao.

Watoto hawasogei hapo, lakini mimi nilitumwa na kibuyu cha maji ili Babu anawe mikono. Ewoi alikuwa ameenda kuagana na rafiki zake. Mama alikuwa amepiga magoti akishika ncha ya utumbo usijikunje, kwa sababu wanaume walikuwa wachache siku hizo. Babu aliinama. Akatazama. Nzi walimtambaa usoni na hakuwafukuza. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayemwaga mchanga kutoka kiganjani:

"Naona maji. Maji mengi. Kijana anaingia, na ng'ambo simuoni."

Mama hakuinua uso. Alisema kwa sauti ya chini, "Apa, baba yangu, mtoto asisikie maneno hayo."

Mimi niliyasikia. Niliweka kibuyu chini, na nilipotaka kukimbia nikaona mkojo unanishuka miguuni.

Mnisikie vizuri. Mimi nilijua maji ni nini. Watu wa mbali wanafikiri Turkana ni vumbi tu, hawajaona mto Turkwel ukija. Mvua inanyesha huko milimani, kwako jua linawaka, na mto mkavu unakuja na ngurumo, rangi ya kahawia, umebeba miti mizima. Nilikuwa nimeona ng'ombe akipita katikati ya maji yale, macho wazi, akitutazama sisi tuliosimama ukingoni. Tangu siku ile ya matumbo, kila nilipofumba macho, ng'ombe yule alikuwa na uso wa kaka yangu.

Kesho yake Ewoi alipanda lori la kwenda Kitale. Mama alimpaka mate kifuani kumbariki, akasukuma mgongo wake, akasema, "Panda. Usitazame nyuma." Babu hakutoka nje. Mimi nililia mpaka Ewoi akaniambia, "Nakiru, wacha ujinga, nitakuletea viatu." Nilitaka kumwambia. Lori likaondoka kabla sijasema.

Redio ya karibu ilikuwa dukani kwa Baba Njeri, mtu wa milimani aliyehamia kwetu kuuza unga na sukari. Alikuwa anaanika betri juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu ya mechi. Na Baba Njeri alijua mpira kama padre anavyojua Biblia. Wiki moja kabla ya mechi ya kwanza duka lilijaa, na wateja wakamtania.

"Baba Njeri, safari hii utajua Mturkana ni nani!"

"Nani, mimi? Mimi hii timu ya vijana naijua kuliko nyinyi," alisema. "Kila mara ni hadithi ileile. Wanapewa jezi mpya, wanapigwa picha, wanafungwa nyumbani, wanaenda ugenini wanafungwa tena, halafu wanasema uwanja ulikuwa na matope. Haijawahi kufika popote hii timu. Popote!"

Watu wakamzomea. Mimi nikapenya katikati ya miguu yao mpaka kwenye meza yake.

"Baba Njeri, wakifungwa wanarudi nyumbani lini?"

"Siku hiyohiyo, mtoto wangu. Kufungwa ndiyo tiketi ya basi."

Sijawahi kusikia maneno matamu namna hiyo. Toka hapo nikawa nakaa chini ya meza yake kila siku nikimwomba anisimulie tena jinsi timu ya vijana ilivyoshindwa. Alifikiri napenda mpira. Alinisimulia penalti zilizopaa juu ya mwamba, marefa wa ugenini, mchezaji aliyesahau viatu nyumbani, timu iliyokuwa inaongoza ikalala usingizi mwishoni. Wengine walisonya. Mimi kila kichapo kilinifanya nishushe pumzi. Timu kama hiyo haiwezi kufika baharini. Nilimwomba Akuj, Mungu wetu aliye juu, asiibadilishe.

Akaibadilisha.

Mechi ya kwanza wakashinda goli moja. Sauti ya redio ilikuwa inaenda na kurudi kama mtu anayeongea ndani ya upepo, lakini jina la Ewoi tulilisikia. Ya pili ikaenda penalti. Mtangazaji alilia, "Amedaka! Kijana wa Turkana amedaka!" na duka likapasuka. Wanaume wazima walikumbatiana. Mama alibebwa juu juu, akapewa sukari ya bure na Baba Njeri mwenyewe, ambaye alikuwa anatoka machozi na kuapa kwamba yeye siku zote alisema timu hii ni nzuri.

"Sasa tunavuka bahari!" alipiga kelele. "Mechi inayofuata ni kisiwani! Maji kila upande!"

Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya unga, nimeuma shanga zangu mpaka uzi ukakatika.

Mchana ule, jua likiwa kali hata mbwa hawabweki, nilifanya kitu nilichokiwaza tangu siku ya lori. Kwetu matumbo yakisema vibaya, anachinjwa mnyama mwingine wa kujibu. Tulikuwa na mbuzi mmoja tu amebaki, yule wa maziwa, mweupe mwenye doa sikioni. Nilimfunga kamba, nikamkokota mpaka kwa Babu. Mbuzi alikuwa anagoma, nikamsukuma kwa kichwa. Nilifika nimejaa vumbi na kamasi.

"Babu, chinja huyu. Ewoi anaenda kwenye maji."

Alinigeukia. "Nani alikwambia maji?"

"Nilisikia. Nilikuwa na kibuyu."

Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akishtuka hata kwa nyoka, alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha akafoka, "Rudisha mbuzi! Hakuna cha kujibiwa hapa!"

"Lakini Babu..."

"Rudisha!"

Nikajua basi. Nilijua kaka yangu ameshahesabiwa miongoni mwa wafu, na kwamba Babu anapenda maziwa kuliko mjukuu wake. Sikumsalimia tena. Akinituma, nilienda bila kuitika.

Mechi ya kisiwani betri zilitusaliti. Mtangazaji alikuwa anasema mvua inanyesha, uwanja umekuwa bwawa, mara sauti ikawa nyembamba, ikawa kama mbu, ikazima. Baba Njeri aliipiga redio kibao. Akaziuma betri kwa meno. Kimya. Wengine walirudi nyumbani wakilaani. Mimi nilibaki nimesimama pale mlangoni, kwa sababu neno la mwisho kusikika lilikuwa "maji".

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Gazeti halifiki, padre amesafiri. Mama alisuka mikeka na kuifumua. Babu alihamisha kigoda chake akakaa kando ya barabara ya Kitale, tangu jua likichomoza, na kila lori likitoa vumbi alisimama, likipita alikaa. Mimi nilikuwa namtazama kwa mbali na kumchukia. Nilidhani anangoja maiti.

Halafu lori la maharagwe likasimama, na mtu mrefu akaruka kutoka juu ya magunia.

Walikuwa wamefungwa magoli manne. Manne! Mtaa mzima ulimcheka miezi na miezi, watoto walimwita Golikipa Kapu, na Baba Njeri alisema hakuna jipya, timu ni ileile. Ewoi alikuwa na aibu hata chakula kilimshinda. Mimi nilimshika mguu sikumwachia. Nilitaka kumlamba kama mbuzi anavyolamba mtoto wake, nione kama ana chumvi ya bahari. Babu hakumsalimia. Alizunguka nyuma ya manyatta, na nikasikia anakohoa kikohozi ambacho si cha kifua.

Nilibeba chuki yangu kwa mzee yule mpaka tukamzika. Nilipokuwa mama wa watoto wangu mwenyewe, ndipo nilipomuuliza Mama kwa nini Babu alidanganywa na matumbo siku ile. Mama alikuwa anachambua mtama. Hakusimamisha mikono.

"Hakudanganywa. Mimi ndiye niliyeshika yale matumbo, na mimi nimelelewa na msomaji. Yalikuwa safi, meupe kama maziwa. Hakukuwa na tone la maji."

"Sasa maji aliyatoa wapi?"

"Kwa padre." Akapuliza makapi. "Babu yako alikuwa na mtoto mwingine kabla ya baba yako. Alipanda lori la serikali akawe askari. Lile lori halikurudisha mtu. Mzee alitaka mimi nimzuie Ewoi. Angesemaje? Mwanaume, mzee wa watu, aseme naogopa? Akamsingizia mbuzi."

"Na wewe ulijua, ukamwacha aende?"

"Nilijua. Na mimi nilikuwa naogopa. Nikamsukuma mgongo nisije nikamshika."

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae chini juzi na betri mkononi. Mjukuu wangu Akai, binti wa binti yangu wa Kakuma, amechaguliwa timu ya taifa ya wasichana wadogo. Amekulia mpira kule kwenye kambi ya wakimbizi na wasichana wa Kongo na wa Sudani, wanaongea lugha nne ndani ya pasi moja. Yeye hakai golini, yeye anafunga, na nikimtaja kanisani nasimama wima. Na hii timu ya wasichana si ile ya Baba Njeri. Hii imeshafika mashindano ya dunia ambako wavulana hawajawahi kukanyaga. Ikishinda, inaenda mbali kweli.

Jana alikuja Lodwar kuniaga. Tukamchinjia. Msomaji alikuwa Ewoi, mzee sasa, mgongo umepinda lakini mikono ni ileile.

"Wazee, mimi ni mtu wa Yesu bana," Akai alisema akicheka. "Kuleni tu nyama, hayo matumbo muache."

Ewoi aliinama juu ya majani. Akatazama. Nami nikatazama, na hata mimi niliona ni meupe, hayana tone. Akainua macho kwangu, macho ya mtu anayetafuta kitu cha kusema, na nikayaona maneno yakija, naapa, niliyaona yakipanda kooni mwake: maji, au moto, au njia iliyofungwa. Na kooni mwangu pia yalikuwepo, mengi.

"Ni safi," nilisema haraka kabla yake. "Akai, njoo hapa. Mbuzi amesema uende. Mimi ndiye ninayeogopa. Mimi, Ata, nyanya yako. Naogopa hiyo ndege, naogopa hizo nchi."

Ewoi alishusha kichwa. Wanaume waliangalia kando.

Msichana akaacha kucheka. Alikaa karibu yangu kwenye mchanga, akauingiza mkono wake ndani ya shuka langu, mkono wa baridi kabisa mchana ule wa jua.

"Hata mimi, Ata," akasema.