Hoteli Ambayo Bibi Hakuifungua

Hoteli yetu iko Kilindoni mjini, kisiwani Mafia, nyuma kidogo ya soko, na wageni huniuliza ilifunguliwa lini. Huwa nawaambia kuwa haikufunguliwa. Ilianza pale mgeni mmoja alipokataa kuondoka.

Alikuwa bwana afya, Mkristo kutoka bara, aliyehamishiwa kisiwani baba yangu akiwa bado mtoto. Nyumba ya serikali aliyoahidiwa ilikuwa haijaezekwa. Babu alimkuta nje ya ofisi amekalia godoro lake, akamleta nyumbani, akamwambia Bibi kuwa ni kwa siku chache tu. Bibi akawatoa wanawe chumbani, wakalala sebuleni. Nyumba ya serikali ilipoezekwa, bwana afya alikwenda kuitazama, akarudi akasema inavuja. Bibi akamwambia kuwa hata yetu inavuja. Akajibu kuwa ya kwetu ameshaizoea.

Baadaye alimleta mwalimu, na mwalimu akamleta mtu wa kilimo. Baba na nduguze wakahamia barazani. Bibi hakuweza kuwafukuza watu waliokwisha kula chumvi yake, basi akaamua kuwachosha. Akaweka masharti. Mwalimu ndiye aliyeyaandika ubaoni, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri: hapana pombe, hapana nguruwe, hapana mwanamke asiye mke wa mgeni mwenyewe, na mke aje na cheti cha ndoa. Mlango hufungwa baada ya sala ya isha. Atakayechelewa alale huko huko aliko.

Bibi akakaa akisubiri wahame. Wao wakawaandikia wake zao huko bara kulalamika, na wake zao wakafurahi sana. Habari zikaenea. Tangu hapo, mtumishi akipata uhamisho wa kuja Mafia, mkewe humwambia pa kulala kabla hajafunga begi. Mhasibu mmoja alimweleza Babu kwamba ameona gesti nyingine nzuri zaidi, ina muziki, lakini ameshaapishwa na mkewe. Ikabidi Babu aongeze vyumba uani, na Bibi akasimamia ujenzi akinung'unika tangu msingi hadi bati.

Mimi nilikua nikidhani kila nyumba ina watu wazima waliojifunga taulo, wamepanga foleni ya bafu. Nilikuwa nawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, nao wakiitikia marahaba na mswaki mdomoni.

Kisha wakaja watalii wa kuogelea na papa potwe, yule mkubwa asiyeuma watu. Baba akafunga viyoyozi vipya vyumbani. Siku moja akaja kijana wa halmashauri kuulizia leseni, akamkuta Bibi peke yake.

"Hii si hoteli, mwanangu," Bibi akamwambia.

"Ni nini basi, bibi?"

"Ni nyumba yangu. Ina watu tu."

Kijana akatazama namba kwenye milango, akanywa chai aliyopewa, akaondoka. Baba alikwenda kukata leseni kimyakimya.

Bibi alifariki mwaka jana, alfajiri, vyumba vyote vimejaa. Baba alinituma niwaambie wageni kuwa tumefiwa, na kwamba tutawatafutia pengine pa kulala. Hakuhama hata mmoja. Mhandisi wa barabara alivua viatu akaanza kubeba mabenchi. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, alikaa na sisi wanawake mkekani kutwa nzima, kajitanda kanga niliyomwazima. Jioni akasaidia kuosha vyombo. Akavunja sahani, akalia, na ndipo na mimi nilipolia kwa mara ya kwanza siku ile. Shangazi alitupangusa wote wawili kwa kitambaa kimoja, kisha akatuambia tumalizie masufuria.

Asubuhi yake baadhi ya wageni walikuwa na ndege, kwa hiyo niliamka nikapika chapati kama kawaida. Mhandisi aliomba sabuni, nikampa. Baba alikuwa amekaa mapokezi. Majirani walikuwa wakiingia kumpa pole, wageni wakitoka wakimrudishia funguo, naye akiwajibu wote, asante, asante, bila kuinua macho kuona ni nani.